Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Mji Mkongwe: matembezi ya sinema yana mwenyewe?

Kwa Waheshimiwa mlio na dhamana ya utalii, filamu na hifadhi ya Mji Mkongwe,
Unguja.

Assalaam aleikum.

YAH: MATEMBEZI YA WAGENI KWENYE MAENEO YA FILAMU NA KUMBI ZA SINEMA, MJI MKONGWE

Kwa heshima na taadhima naandika barua hii hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeipita mpaka mwisho wake. Barua nilizoleta kwa mkono zimegongwa muhuri wa kupokelewa na nakala zake ninazo. Nimekaa kwenye mabenchi ya kusubiri, nimeambiwa mkubwa yuko kwenye kikao, faili limepanda juu, nirudi baada ya Ramadhani, kisha baada ya tamasha, kisha baada ya bajeti. Watu wa mapokezi siwalaumu, wamenipokea vizuri na wengine wamenipa na chai. Lakini chai si jibu.

Mimi ni mtembeza wageni mwenye leseni, mzaliwa wa Mji Mkongwe na mkaazi wake hadi leo. Kazi yangu kubwa ni matembezi ya sinema. Tunaanzia Vuga mbele ya jengo la Majestic, tunapita Sokomuhogo hadi Jaws Corner, tunateremka Ngome Kongwe, tunamalizia Malindi zilikokuwa kumbi nyingine. Njiani nawaonesha vichochoro vilivyoingia kwenye picha na barza ambazo wazee walikuwa wakisimuliana picha walizoziona usiku wa jana. Naipenda kazi hii, na inanilisha. Ndiyo sababu sitaki kuiona ikiharibika huku wenye dhamana mkitazama.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Uongo umekuwa ndio maelezo ya safari.

Tangu itoke picha ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, mwaka 2018, kila kundi la wageni lina mtu mmoja wa kuuliza: hapa walipigia wapi? Jibu la kweli ni fupi. Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, lakini picha yenyewe ilipigwa Uingereza. Jibu hilo halileti bakhshishi. Basi mgeni anasimamishwa mbele ya mlango wowote wenye misumari ya shaba, anaambiwa hapa ndipo, anapiga picha, anatoa noti. Nyumba ya utotoni nayo inahama kwa kadiri ya nani anayekutembeza: asubuhi iko Shangani, jioni iko Kiponda.

Na picha iliyopigwa hapahapa kwetu, kwa Kiswahili chetu, haitajwi. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na Tanzania ikaiteua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar. Ni hadithi ya Unguja ya miaka ya mwisho ya Muingereza, na kuta zinazoonekana mle ni kuta zetu. Mgeni akitoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ameshasoma riwaya skuli au ameshaiona picha, anakuja na maswali ya maana. Anakutana na mtembezaji aliyekariri mistari minne ya Kiitaliano na hajui Adam Shafi ni nani. Nimewahi kusimama pembeni nikisikia mama mmoja kutoka bara akiuliza kwa Kiswahili kizuri kabisa, akajibiwa kwa Kiingereza kibovu. Aibu ilikuwa yangu.

Jaws Corner ndiyo inayoniuma zaidi. Jina limetokana na picha ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975. Siku hizi nasikia wageni wakiambiwa eti hapo ndipo walipokuwa wakiuzwa papa wabichi. Hadithi ya kweli ina utamu kuliko huo uongo: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ipatayo 20 kabla ya Tanzania Bara kupata televisheni yake ya kwanza, na watu wa mtaa walikuwa wakikusanyika barzani kutazama kwa pamoja. Mpaka leo kahawa inauzwa pale, dhumna linagongwa pale, na ukikaa kwa adabu utasimuliwa mwenyewe bila kulipa senti. Ni nani kati yenu aliyewahi kumtuma mtu akae pale na kinasa sauti kabla wanaokumbuka hawajaondoka?

2. Watu wa mitaani si wa kujazia picha.

Saa nne asubuhi bibi wa watu amekaa kwenye barza ya nyumba yake, kanga begani, sinia la mchele mapajani, anachambua. Linakuja kundi. Mbele yupo mtembezaji na kipaza sauti kidogo cha kuning'iniza shingoni, nyuma wageni ishirini na ushei, na kila mmoja simu imeinuliwa. Anasema: tazameni, pamebaki vilevile kama kwenye filamu. Bibi anavuta kanga ajifunike uso, anataka kuinuka, sinia linamwelemea. Hakuna aliyemsalimu. Wamepita, anakuja mwingine.

Kichochoro chenyewe akipita mtu na baskeli unajibanza ukutani. Vespa ikitokea na kundi likiwa limesimama, ni kelele na matusi. Maiti akitolewa nyumbani kwake kupelekwa msikitini, wabebaji wanaomba njia kwa watu wasiojua kinachoendelea, na mtembezaji wao hajui kuwaambia washushe simu. Hilo nimeliona kwa macho yangu, nanyi mkitaka mtaa nitawatajia ofisini.

Mavazi sitayasemea sana, maana yameshasemwa hadi yamechosha. Mgeni hana kosa ikiwa aliyemleta hakumwambia.

3. Kumbi zenyewe zinakufa.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye moyo wa matembezi yote.

Vuga palijengwa ukumbi wa Royal mwaka 1921, ukachorwa na J. H. Sinclair, yuleyule aliyechora jengo la Mahakama Kuu na lile la makumbusho la Beit el Amani. Ukaungua. Katikati ya miaka ya 1950 pakainuka Majestic palepale, kwa mtindo mpya wa enzi zile. Malindi kulikuwa na Empire na Sultana, na Sultana baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa Cine Afrique. Mji mdogo huu ulikuwa na kumbi za kutosha hata mtu kuchagua: leo niende picha ya Kihindi nikalie, au ya Kizungu nikaone mapigano. Wazee watakuambia jinsi tiketi za picha ya Raj Kapoor zilivyokuwa zikilanguliwa mlangoni, na jinsi bi wakubwa walivyokuwa na onesho lao la zanana, wanawake peke yao, wakiimba na stelingi kutoka viti vyao. Nyimbo walizikariri neno kwa neno, na Kihindi hawakijui.

Leo Empire na Cine Afrique hazioneshi tena picha, zimeingia kwenye biashara nyingine. Majestic imebaki na uso. Paa la ukumbi liliporomoka, mvua ikinyesha inanyesha ndani. Zipo juhudi za wapenda hifadhi za kuuokoa na tunazishukuru, lakini mkaazi wa kawaida ukimuuliza nani mwenye jukumu, kazi imefika wapi na lini itakwisha, hana pahala pa kusoma. Mgeni wangu anauliza hivyohivyo, nami naangalia chini.

Msiseme tunatia chumvi. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, ilianguka mchana kweupe likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kama jumba lile, lililokuwa mbele ya macho ya kila mtu Forodhani, limeweza kuanguka, ukumbi wa sinema usiokuwa na paa tunaupa miaka mingapi?

4. Wapiga picha wanaondoka, uharibifu unabaki.

Mwaka fulani kampuni moja, jina siitaji, ilikuja kupiga picha katika mtaa tunaokaa. Kibali walikuwa nacho, na walipolipia tunajua ni ofisini. Kichochoro kikafungwa kutwa. Mwenye duka hakuuza. Watoto wa chuo cha Kurani wakazungushwa mtaa wa pili. Hayo tuliyavumilia, kazi ni kazi. Lakini mkurugenzi wao aliona ukuta mmoja hauna uzee wa kutosha, ukapakwa rangi ya plastiki na kuchapwa saruji hapa na pale ili uonekane mkuukuu.

Waheshimiwa, nyinyi mna wataalamu na wanajua: nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba kwa saruji au kwa rangi ya plastiki, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya ndani, plasta inavimba na kubambuka. Maji yakifika kwenye vichwa vya boriti za mikoko zilizoshikilia dari, yanaanza kuozesha kutoka ndani, pahala usipopaona. Kampuni iliondoka. Masika yalipopita, mwenye nyumba akaanza kuokota vipande vya plasta sakafuni kwake. Fundi wa chokaa aliyeitwa alidai pesa ambazo mwenye nyumba hana. Alipokwenda kulalamika aliambiwa kibali kilishafungwa.

Na picha ikitoka, ikipendwa, wageni wanaletwa kuutazama ukuta uleule. Wanalipa kuuona. Mwenye ukuta hapati kitu, anapata vidole vya watu wakibandua plasta kuchukua kumbukumbu.

5. Leseni yangu inanilinda na nini?

Nimelipia leseni, nimepimwa, navaa kitambulisho. Papasi, yule anayetembeza wageni bila leseni, halipi, hapimwi, na njiani tunakutana tukisema na wageni walewale. Anapoharibu, anayeulizwa ni sisi sote. La kuongeza hapa sina, mnalijua kuliko mimi.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine nimeshapewa mdomoni.

Mtasema filamu zilizopigwa Mji Mkongwe si nyingi kiasi cha kutungiwa utaratibu. Idadi si hoja. Mji huu thamani yake katika sinema si kupigwa picha tu, ni kutazama pia. Watu wa hapa wamekuwa wakienda sinema kwa zaidi ya karne nzima, na tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, limekuwa likileta picha za Afrika na za bahari yote ya Hindi, na wengi wetu tumezitazamia Ngome Kongwe chini ya nyota. Miji mingi inayouza matembezi ya filamu haina hata robo ya hayo. Ina ngazi moja aliyopitia stelingi.

Mtasema utalii ndio unaotulisha, tusiwatishe wageni kwa masharti. Tazameni Dubrovnik, Kroatia. Ni mji wa mawe kama wetu, uko kando ya bahari kama wetu, na umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia kama wetu ulivyoingia mwaka 2000. Ulipotumiwa kama mji mkuu wa kifalme katika tamthilia ya Game of Thrones, kuanzia msimu wake wa pili mwaka 2012, matembezi ya maeneo ya tamthilia yakafumuka kila kona, juu ya meli za watalii ambazo tayari zilikuwa zimewazidi. Wakaazi wa ndani ya kuta, waliokuwa wapatao 5,000 mwaka 1991, wameshuka chini ya 2,000. Sababu ni nyingi, vita na bei za nyumba zimo, lakini hakuna anayekaa pale atakayekuambia msongamano haumo. Mwishowe wakuu wa mji wenyewe wakakaza: kuanzia mwaka 2019 meli zikawekewa kikomo cha 2 kwa wakati mmoja na abiria 5,000. Wageni hawakukimbia. Wao walichelewa kuweka utaratibu. Sisi bado tunao wasaa, maana makundi yetu yanahesabika na wakaazi wetu bado wamo majumbani mwao, japo kila nyumba inayogeuzwa hoteli inapunguza hesabu hiyo.

Mtasema bajeti hakuna. Mengi ninayoomba hayana gharama ila wino na saini.

Mtasema kila ofisi na yake: vibali vya filamu kwa hawa, leseni za watembezaji kwa wale, majengo kwa wengine. Hilo ndilo lililonizungusha, na ndiyo sababu barua hii nimewaandikia nyote kwa pamoja. Kaeni meza moja.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza kanuni ya matembezi, iandikwe na itangazwe: kundi lisizidi watu 12 ndani ya vichochoro vya makaazi, kipaza sauti kisitumike, makundi yasipite wakati wa sala ya Ijumaa wala baada ya magharibi kwenye mitaa ya watu, mtu asipigwe picha kabla hajaulizwa, na penye msiba kundi ligeuze njia. Masheha wapewe nguvu ya kuisimamia, wao ndio wanaojua nani amefiwa na nani anaumwa.

Kwenye vibali vya filamu, kampuni iweke amana kabla ya kuanza. Ikimaliza, sheha, mwenye nyumba na fundi wa chokaa anayeaminika wakague pamoja, ndipo amana irudi. Saruji na rangi ya plastiki zipigwe marufuku kwa maandishi ndani ya kibali chenyewe. Sehemu ya ada ibaki kwenye shehia iliyofungiwa njia, na kiasi kibandikwe ubaoni ili kila mkaazi akione. Yule mwenye ukuta niliyemtaja, kesi yake ifunguliwe upya.

Watembezaji tusomeshwe. Wakusanyeni wazee waliofanya kazi kwenye kumbi, waliokata tiketi, waliochora matangazo, bi wakubwa waliokuwa wakienda zanana, warekodiwe wakiwa hai, na hayo yawe ndiyo somo la mtihani wa leseni. Mtembezaji asiyeweza kuongoza matembezi haya kwa Kiswahili asipewe leseni ya kuyaongoza kwa lugha nyingine yoyote. Vibao viwekwe Majestic, Jaws Corner, Malindi na Ngome Kongwe, Kiswahili kikiwa juu.

Na kuhusu Majestic, natamka wazi: wekeni paa la muda kabla ya masika yajayo, na bandikeni mlangoni karatasi moja inayosema nani mwenye dhamana ya jengo na kazi imefikia wapi. Karatasi moja tu. Itanitosha kuwajibu wageni wangu.

Naomba jibu kwa maandishi kabla tamasha lijalo la filamu halijafunguliwa, kwa kuwa wiki ile ndiyo makundi yanapokuwa mengi kuliko wakati wowote. Nikiitwa kikaoni nitakuja, na nitakuja na nakala zote pamoja na baadhi ya wakaazi waliokubali kusema. Nikinyamaziwa, sisi watembezaji tulioafikiana tutaanza kuifuata kanuni hiyo wenyewe na kuibandika misikitini na barzani, kila mtaa ujue nani anaifuata na nani haifuati.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mtembeza wageni mwenye leseni,
Mji Mkongwe, Unguja.

Nakala:
Masheha wa shehia zote za Mji Mkongwe
Wenzangu watembeza wageni
Wazee wa barza ya kahawa, Jaws Corner